Kabla ya Kumpandisha Shaba, Niliwatafuta Ndugu Zake

Ukiwa na mbwa jike mwenye umbo zuri hapa Mwanza, watu hawakuulizi anakula nini wala amechanjwa lini. Wanauliza atazaa lini. Shaba, jike wetu wa German Shepherd, alikuwa bado ana meno ya utotoni msoma mita wa maji aliposimama getini, akamtazama kuanzia masikio hadi mkia, akasema, "Mama, huyu akizaa, mmoja wangu." Fundi aliyetujengea ukuta akaweka oda ya dume. Mama mchungaji akataka jike, "ila awe mpole." Shemeji yangu wa Geita aliomba wawili bila kusema wa nini, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Anaweza kuja kuwadai mwenyewe asubuhi na chakula cha mchana akala kwake.

Mume wangu aliliona jambo hili kibiashara. "Watoto wanane, kila mmoja laki mbili," alisema mezani, kalamu mkononi. "Hiyo ni ada ya shule." Na dume alikuwa ameshapatikana: German Shepherd wa mtu wa Ilemela, mrefu, mgongo mweusi, masikio yamesimama wima. Mwenye dume hakutaka hela ya kupandishia. Alitaka awe wa kwanza kuchagua mtoto watakapofikisha wiki nane, na wengi ndivyo wanavyokubaliana.

Sikuwa na pingamizi. Nilitaka tu Shaba apimwe kwanza, maana alikuwa anakaribia miaka miwili na hakuwahi kuonwa na daktari ila kwa chanjo na minyoo. Daktari wa mifugo anayetuhudumia hapa Buswelu ni kijana asiye na maneno mengi. Alimshika Shaba miguu ya nyuma, akaikunja, akainyoosha, akamtembeza uani, akamfungua mdomo akahesabu meno. Nikasubiri aniulize habari za dume. Akaniuliza, "Dada, ndugu zake wako wapi?"

Nikamwambia sijui. Walizaliwa wanane Pasiansi, kila mmoja akaenda njia yake.

"Watafute," alisema. Akanieleza kwamba nchi zenye vyama vya wafugaji wa mbwa, mtu mwenye German Shepherd humpiga picha ya nyonga akishakua, picha ikasomwa na mtaalamu, ndipo aamue kumpandisha au kuacha. Mbwa wa aina hii wana ugonjwa wa nyonga wa kurithi: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kinachezacheza, kinasagika, na mbwa akifika umri wa makamo kuinuka kunakuwa kazi. Haurithiwi kwa njia moja rahisi. Vinasaba vingi vinahusika, kwa hiyo mbwa anayetembea vizuri kabisa anaweza kuzaa watoto wasiotembea vizuri. "Hapa kwetu picha ya nyonga ya mbwa ni shughuli," akasema huku akifunga mkoba wake. "Lakini ndugu zake wapo, na kuwaangalia hakuna malipo. Waangalie wanavyoinuka wakitoka kulala. Uliza pia wana tabia gani."

Familia iliyotuuzia Shaba ina duka la rejareja, na wanunuzi wa watoto wale walikuwa wameandikwa nyuma ya daftari la madeni: jina, simu, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki. Wawili walikuwa bado wanadaiwa. Mama mwenye duka alicheka akanipa namba zote, akaniomba nikimpata yule wa Nyegezi nimkumbushe.

Wa Nyegezi alipatikana, lakini mbwa hakuwepo. Alikufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, kabla hajafikisha miezi minne. Yule baba ni mtu mwelewa, anaendesha kituo cha kuosha magari, na kadi ya chanjo aliitunza mpaka leo kwenye droo. Ina mstari mmoja. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza akiwa wiki saba, naye akaelewa kwamba chanjo imekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kinga ya maziwa ya mama huingiliana na chanjo, ndiyo maana sindano hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mtoto afike wiki kumi na sita. Alianza kutapika siku ya kwanza, siku ya pili kuhara damu. Baada ya msiba ule alileta mbwa mwingine ua uleule, naye akafa vilevile, kwa sababu virusi vya parvo hukaa ardhini kwa miezi mingi na sabuni ya kawaida haviigopi; inatakiwa jiki. Deni sikumkumbusha.

Kirumba nilikwenda asubuhi, saa ambayo Mwaloni kumechangamka na dagaa wamemwagwa kwenye magunia hadi barabarani. Dume aliyetoka tumbo moja na Shaba analinda godauni karibu na soko. Msimamizi, mzee wa makamo, alinipokea kwa "Mwangaluka, mama," akanipeleka nyuma. Kabla sijamwona mbwa niliona mnyororo. Umefungwa kwenye nguzo ya chuma, na kuizunguka nguzo pamechimbika mduara, udongo umekuwa mgumu na unang'aa kwa kupitiwa. Nje ya mduara nyasi zimeota vizuri tu.

Mbwa mwenyewe ni mkubwa kuliko Shaba, na mnene. Anakula mapanki. Kwa asiye wa huku, mapanki ni kile kinachobaki kiwandani sangara akishatolewa minofu: kichwa, mfupa wa katikati, na nyama iliyogoma kutoka. Watu wengi tumekulia mapanki, siyadharau. Lakini mbwa huyu alipewa ndoo nzima tangu akiwa mdogo, kwa nia njema, ili awe mkubwa upesi. Kwa mbwa mwenye nyonga za kurithi, kukua upesi na kunenepa utotoni ndiko kunakoharibu zaidi. Mzee alimwita. Mbwa akaweka miguu ya mbele, akajivuta, akatulia kidogo, kisha ndipo nyuma ikafuata. Umri wake ni ule ule wa Shaba.

"Huwa hivyo asubuhi," mzee akasema. "Jua likipanda anakaa sawa."

Tulizungumza kirefu, na sikumwendea na lawama kwa sababu yeye si mwenye mbwa. Ameajiriwa kama mbwa alivyowekwa. Nilimwomba mambo mawili yaliyo kwenye uwezo wake: kupunguza ndoo, na kumfungua usiku geti likishafungwa. La pili alilikubali palepale, akaongeza kwamba mwizi mwenye akili anajua urefu wa mnyororo. La kwanza alisema atajaribu, maana mapanki yanaletwa bure na kutupa chakula ni dhambi.

Kwa wa Capri Point sikukaa sana. Jike, nyumba nzuri, mlo mzuri, nyonga sijaona tatizo. Ila walimfungia chumba cha stoo nilipofika, na dada wa kazi alinionyesha kovu kwenye kisigino. Anauma kutokea nyuma, hasa watoto wanaokimbia. Wenye nyumba waliniambia wanadhani alipigwa na mtu. Inawezekana. Mimi nikakumbuka tulipokwenda Pasiansi kumchukua Shaba, mama yake naye alikuwa amefungiwa, na tulidhani ni kwa sababu ananyonyesha.

Lamadi nilipitia nikiwa na safari yangu nyingine ya Musoma. Dume mmoja yuko pale kwa mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mwendo mfupi kutoka lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Huyu ndiye aliyetunzwa kuliko wote, Shaba akiwemo: hafungwi, hajanenepa, kadi imejaa mistari. Lamadi watu wengi wamezoea chanjo ya mbwa, na wana sababu. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, mbwa wa vijiji vya pembezoni wakatajwa kuwa ndio waliouingiza, na miaka iliyofuata watafiti na wataalamu wa mifugo wamekuwa wakipita vijijini kuchanja mbwa dhidi ya distempa na kichaa. Mwenye duka alikuwa anajua haya yote kunizidi. Akampigia mbwa mluzi, mbwa akaja mbio kutoka ng'ambo ya kiwanja, na miguu yote miwili ya nyuma ikawa inaruka kwa pamoja kama ya sungura.

Nilimwuliza tangu lini anakimbia vile. "Ndivyo anavyokimbia," akajibu, akishangaa swali. Daktari alikuwa ameniambia niangalie hasa hilo.

Waliobaki nitawataja harakaharaka. Mmoja aligongwa na daladala Buhongwa. Mmoja simu yake ilipokelewa, nikajitambulisha, ikakatwa. Jike mmoja alivuka kwenda Ukerewe na mtumishi aliyepangiwa kazi Nansio, mtumishi akapata uhamisho, mbwa akabaki kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliniambia kwenye simu kwamba anazaa kila akipata joto. Watoto wanakwenda wapi? "Wanachukuliwa," akasema, "wengine wanaondoka wenyewe."

Katikati ya mizunguko hiyo Shaba akaingia kwenye joto. Wiki ya kwanza na ushee ni damu, jike anavutia madume lakini anawafukuza. Inayofuata ndiyo anakubali, na hapo ukuta wa futi sita hauwi kitu. Kwetu walikuja madume wa mtaa mzima na wengine ambao sijawahi kuwaona. Walilala getini, walipigana usiku, walichimba chini ya geti. Tulimhamishia Shaba jikoni, akitoka anatoka na kamba na mtu mzima ameshika. Mume wangu alitaka dume la Ilemela liletwe wakati huo huo, "kabla hawa koko hawajatuharibia," na alikuwa na hoja, kwa kuwa jike akipandwa na madume wawili watatu kwa siku hizo anaweza kuzaa watoto wa baba tofauti tumbo moja. Ila lile dume la Ilemela, daktari aliniambia, limepandishwa kwa majike wengi na halijawahi kukaguliwa sehemu za siri. Kuna uvimbe wa saratani ambao mbwa huambukizana wakati wa kupandana. Seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Unatibika kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani, lakini huanza kwa matone ya damu, na kwa jike mwenye mbwa anadhani ni joto lisiloisha. Kabla ya kupandisha, pande zote mbili zikaguliwe. Mwenye dume alipoombwa alichukia, akauliza kama tunamwona mhuni.

Basi tukakaa na kalamu tena. Hesabu ya mume wangu ilikuwa na upande mmoja tu, nikaongeza wa pili. Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Akishazaa, kufikia wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha, mama wa watoto wanane anaweza kuhitaji chakula mara tatu ya kawaida yake au zaidi, na si dona na dagaa mchanga. Watoto wanapewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kwa kuwa minyoo ya mviringo wanaipata wakiwa bado tumboni. Chanjo ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, kwa kila mmoja. Joto la mwili la mama likishuka chini ya nyuzi 37.2 ujue uchungu umekaribia, na ukigoma utahitaji upasuaji usiku, na daktari mwenye vifaa vya upasuaji wa mbwa huna uhakika wa kumpata saa nane. Wiki zile za kunyonyesha anaweza kuanguka kifafa cha upungufu wa kalsiamu. Na kumjaza kalsiamu wakati wa mimba, kama maduka mengi ya dawa za mifugo wanavyoshauri, kunaongeza hatari hiyo badala ya kuipunguza. Tulipomaliza, ada ya shule ilikuwa imebaki ya muhula mmoja, na hapo hakuna aliyekufa.

Hesabu hiyo peke yake isingenizuia. Watu wanafuga kwa hasara na wanafurahi. Nilikuwa nawaza kuhusu lile daftari la madeni. Mama wa Pasiansi ni mtu mwema, aliwauza watoto wazuri kwa watu wazuri, na hata hivyo nilichokikuta ndicho hicho nilichokieleza. Pia daktari alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ili kichaa cha mbwa kisienee, mbwa angalau saba katika kila kumi wa eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa. Kila tumbo linalozaliwa katikati ya kampeni moja na nyingine linaingiza mtaani mbwa wanane wasio na kinga, na kiwango kinashuka bila mtu yeyote kufanya uzembe wa wazi. Shirika la Afya Duniani linasema wanne kati ya kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa msoma mita, kwa mfano.

Mtu aliyenionyesha kwamba kuzalisha mbwa vizuri kunawezekana hana German Shepherd. Ni mjomba wa mume wangu, yuko Kisesa, njia ya Bujora, na ana jike wa kienyeji anayekwenda na ng'ombe. Jike huyo hazai kila msimu. Akipata joto mjomba humfungia zizi la mbuzi, na akiamua azae humpeleka kwa dume mmoja anayemjua tangu utoto wake, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kula yai wala kumbwekea mtoto. Mtoto wa mbwa hampi mtu aliyetuma mtu. Uje mwenyewe, na uje na kuku.

"Kuku wa nini, mjomba?" nilimwuliza. "Si umuuze tu?"

"Hela mtu anasahau," akasema. "Kuku anamkumbuka." Kisha akataja sharti la pili, na hili hulisema mbele ya mashahidi: "Mbwa akikushinda, nirudishie mimi. Usimpe mtu mwingine." Amewahi kurudishiwa mbwa mzee, kipofu wa jicho moja, baada ya miaka. Akampokea.

Nilirudi Buswelu nikijiuliza kama mimi naweza kusema maneno yale kwa watu wanane na kuyasimamia. Ua wetu unatosha mbwa wawili, kwa kubanana. Dume la Lamadi nyonga zake zikigoma kabisa, mama wa Pasiansi hawezi kumchukua, na sisi watoto wa Shaba tusingeweza. Mbwa wanne kati ya wale wanane nilipata kuwaona, Shaba akiwemo. Wawili nyuma yao ni mbovu na mmoja anauma. Daktari nilimwuliza kama tukimpandisha kwa dume wa kienyeji mwenye nyonga imara tutakuwa salama. "Mtapunguza," alisema. "Kuondoa hamwondoi." Mume wangu aliuliza maswali yake mwenyewe, marefu kuliko yangu, akanyamaza siku kadhaa, kisha akasema tumfunge kizazi.

Tulisubiri miezi kama mitatu baada ya joto, mishipa ya kizazi itulie, na kwa mbwa wa ukubwa ule ilikuwa vizuri kwamba alishamaliza kukua. Hapo ndipo nilipoambiwa na kila mtu kwamba mbwa jike lazima azae angalau mara moja ndiyo awe na afya. Hakuna ushahidi wa hilo. Kilicho na ushahidi ni kwamba majike wasiofungwa kizazi si wachache wanaopata usaha kwenye kizazi wakizeeka, na wasipopasuliwa haraka hufa. Zipo hasara pia, daktari hakunificha: baadhi ya majike wakubwa huanza kuvujisha mkojo baadaye, na wengi hunenepa chakula kisipopunguzwa. Upasuaji ulifanyika asubuhi, tumbo tupu. Jioni Shaba alikuwa nyumbani amelewa dawa, anajigonga kwenye viti. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia asilambe nyuzi. Mume wangu alikata ndoo kuukuu ya rangi akamvisha shingoni, ikafaa kuliko nilivyotarajia.

Shemeji wa Geita alipata habari akasema tumeziba riziki ya watu. Mama mchungaji alisema sawa, akauliza kama najua kwingine. Fundi ndiye aliyenishangaza: aliniomba namba ya mjomba wa Kisesa, akapanda daladala na jogoo kwenye kikapu, akarudi na dume wa kienyeji wa rangi ya mchanga. Mjomba ameshampigia simu kumwuliza sindano ya pili ni lini, na fundi amenipigia mimi kuniuliza mzee huyu atamfuatilia mpaka lini.